Tuko Pamoja?

Bawa la kushoto lilishuka taratibu, kama mtu anayeinama kuokota kitu, na jua lililokuwa likinichoma shavu la kushoto likapita usoni, likatua shavu la kulia.

Nilidhani tunakwepa wingu. Tulikuwa tumeshakwepa mawili matatu na hakuna aliyejali. Lakini safari hii bawa halikunyanyuka. Tulizunguka mpaka mto tuliokuwa tumeuacha nyuma ukatokea tena mbele yetu, na mzee aliyeketi kiti cha jirani akapaza sauti kushindana na injini:

"Huyu anarudi."

Kweli alikuwa anarudi. Dakika 25 tangu tuiache ardhi, abiria wanane kila mmoja na shughuli yake ya maana kuliko ya mwenzake, na kijana wa watu ameigeuza ndege bila kumuuliza mtu.

Imepita miezi miwili sasa. Mafunzo niliyokuwa nikiyaendea yalikwisha, cheti kiko kwenye faili, na nimesharudi darasani. Lakini ule mgeuko haujanitoka kichwani, na sababu yake siyo ndege.

Mguu wa chuma

Kabla hatujapanda walipima mizigo, kisha wakatupima sisi wenyewe, mmoja mmoja, na mkoba mkononi. Kuna watu wazima walioona aibu kusimama kwenye mizani mbele ya wenzao. Rubani aliandika namba zetu kwenye karatasi, akazitazama kidogo, kisha akatupanga. Mzee huyu hapa, mama yule kule, wewe Mwalimu nyuma yangu. Sikujua kwamba kiti kwenye ndege ndogo hakichaguliwi. Wenye maumbo makubwa wakijazana nyuma, uzito unakwenda mkiani, na ndege inaweza kumshinda rubani hata kama jumla ya kilo haijavuka kikomo.

Ilikuwa Cessna Caravan, ile yenye injini moja, mabawa juu ya madirisha na matairi yasiyokunjwa. Ikijaa kabisa, watu na mafuta na mizigo, haifiki tani 4. Wakati wa kupakia walikuwa wameisimamishia mkia wake mguu wa chuma, kitu kama fimbo nene, ili isije ikakaa kitako mizigo ikizidi nyuma. Nilikitazama kile chuma kwa muda mrefu kuliko nilivyopaswa. Ndege inayohitaji mkongojo ikiwa imesimama, nikajiuliza, huko juu itashikwa na nini?

Mzee yule aliona namna ninavyokitazama, akacheka. "Wanakiondoa kabla ya kuruka, Mwalimu."

Nikamuuliza rubani kama mafuta yanatosha. Swali la kijinga, lakini hofu haichagui maswali. Alijibu bila kunicheka: ya kufika, ya kwenda kwingine tukishindwa kutua, na nusu saa juu yake.

"Hiyo nusu saa ya nini?"

"Ya mambo ambayo sijayajua."

Jibu hilo nililiona la kawaida tu. Thamani yake nilikuja kuiona baadaye sana.

Lawama

Tulipotua pale pale tulipotokea, kimya kilidumu mpaka panga la mbele liliposimama. Halafu maneno yakaanza.

Kuna bwana mmoja mfanyabiashara, alikuwa na kikao mchana huo. Akataka kujua mbona ndege nyingine zinapita kwenye mawingu kila siku. Muuguzi aliyekuwa na kasha la baridi miguuni hakusema kitu, alikuwa anahesabu saa. Mimi nami, nisijitakase, nilinuna. Mafunzo yalikuwa yanaanza Jumatatu hiyo. Nilikuwa nimeacha watoto 41 wa darasa la 5 kwa mwenzangu ambaye ana darasa lake mwenyewe, kwa hiyo wiki nzima angekuwa anakimbia kati ya milango miwili. Nikikosa siku ya kwanza, nimemtesa bure.

Rubani alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mdogo kuliko wadogo zangu. Akasema, "Samahanini, wazee wangu. Kesho alfajiri tutajaribu tena." Akamgeukia yule bwana, akamweleza kwamba tulikuwa tupitie kwanza kiwanja kingine cha udongo kuchukua watu, na kiwanja cha namna ile hakina mtambo wa kumwongoza mtu asiyeona. Lazima uione ardhi kwa macho yako.

"Na mimi nilikuwa siioni," akamaliza.

Yule bwana hakuridhika, lakini hakuwa na la kujibu. Ukweli ni kwamba sikumbuki mara ya mwisho kumsikia mtu mwenye dhamana akisema mbele ya watu kwamba haoni.

Alfajiri ya pili, tukisubiri kupakia, nilimwendea. Nikamuuliza jana alijuaje kwamba wakati wa kugeuza umefika, maana mimi nilikuwa nyuma yake na niliona mwanga mbele.

"Sikuamua kule juu, Mwalimu. Niliamua nikiwa chini. Nilijiambia, nikifika mto wa pili sijaviona vile vilima viwili, nageuza. Kule juu siyo mahali pa kuanza kufikiria."

Tulipopaa hewa ilikuwa safi kama maji ya mtungi. Baada ya mto wa pili vikatokea. Vilima viwili, vya kijani, vya kawaida kabisa, hata mbuzi angevipanda bila kupumzika. Yule mfanyabiashara alibandika uso dirishani.

"Hivi ndivyo vilivyoturudisha?"

Rubani alikuwa na vile vidude vya masikioni. Hakusikia.

Nachelewa darasa

Niliingia ukumbini Jumanne saa tano. Watu wako kwenye vikundi, mabango yamejaa ukutani, kalamu za rangi zimetapakaa mezani. Mada ilikuwa ufundishaji wa hisabati madarasa ya kati na namna ya kupima uelewa. Mwezeshaji alinikaribisha vizuri sana, tena kwa tabasamu, akanionyesha kiti.

"Mwalimu, tumeshafika mbali kidogo, lakini utatufuata tu."

Sikuwafuata.

Mambo ya Jumatatu ndiyo yaliyokuwa msingi. Kila kikundi kilikuwa na jedwali fulani lililojazwa jana yake, na kila zoezi la Jumanne lilianza na maneno "tukirejea jedwali letu". Nilichungulia la jirani. Nilinakili vichwa vya safu bila kujua vinahusu nini. Kalamu yangu ilikwenda kasi kuliko ya mtu yeyote pale, na nilikuwa sielewi hata nusu ya ninachoandika. Ukiniona kwa mbali ungesema huyu ndiye mwanafunzi bora wa chumba hiki.

Kila baada ya dakika chache mwezeshaji alinyanyua mikono na kuuliza:

"Tuko pamoja?"

Na ukumbi mzima: "Tuko pamojaaa!"

Nami nikiwemo. Sauti yangu ilikuwamo, tena siyo ya chini. Mtu mzima, mwalimu wa miaka 14, sijui tunazungumzia nini, na nimeitikia kwa furaha kabisa. Siyo kwamba niliogopa sana. Ni kwamba lile swali halina mlango wa kutokea. Ukiulizwa "tuko pamoja?" na watu arobaini wakaitikia, utasimama vipi peke yako useme wewe uko kwingine?

Mara ya nne au ya tano, nikiwa katikati ya kuitikia, nilisikia sauti za darasa langu.

"Mmeelewa?"

"Ndiyoooo!"

Nikanyamaza. Hakuna aliyetambua kwamba sauti moja imepungua.

Simlaumu mwezeshaji. Alikuwa na siku tano na kitabu cha kazi kinene kama tofali, na mtu mmoja aliyechelewa hawezi kuwasimamisha arobaini. Hivyo ndivyo hata mimi ningefanya. Ndivyo ninavyofanya.

Sekunde 178

Niliporudi nyumbani nilianza kusoma habari za ndege kuingia mawinguni. Nilikuwa natafuta, nadhani, uthibitisho kwamba yule kijana alikuwa mwoga. Nilichokuta ni hiki.

Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwachukua marubani 20 ambao hawakuwa na uzoefu wa kurusha ndege kwa kutegemea vipimo vilivyo mbele ya rubani peke yake. Wakawarusha, mwalimu akiwa pembeni, kisha wakawazuia wasione nje, kama vile wameingia winguni. Wote 20 walishindwa kuimudu ndege. Wote. Kwa wastani iliwachukua sekunde 178, yaani hazifiki dakika 3.

Wengi mngedhani walipatwa na kiwewe. Sivyo. Shida ni sikio.

Ndani ya sikio kuna mifereji midogo yenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji yanachelewa kidogo, yanavilaza vijinywele vilivyomo, na ubongo unapata habari: tunageuka. Lakini mgeuko ukiendelea kwa kasi ile ile, majimaji yanaifikia kasi ya mfereji, vijinywele vinasimama, na ubongo unaambiwa tumenyooka. Ndege imelala ubavu, inashuka huku inazunguka, na rubani aliyeketi ndani anahisi ametulia kabisa. Akijaribu kuirekebisha, mwili unamwambia sasa ndiyo anapinda. Kati ya wale 20, 19 waliishia kwenye mzunguko wa kuporomoka namna hiyo.

Kitu pekee kinachosema kweli wakati huo ni vile vipimo mbele yake. Mwili wote unasema tuko sawa. Sindano moja ndogo inasema hapana.

Nilipofika hapo niliifunga simu, nikatoka nje, nikasimama tu.

Kwa sababu "Ndiyoooo" ndiyo sikio langu. Kila siku kwa miaka 14 nimekuwa nikirusha darasa kwa kusikiliza hilo. Nauliza, linaitikia, nahisi tumenyooka. Kwenye andalio la somo, pale mahali pa tathmini, naandika: asilimia 80 ya wanafunzi wameelewa. Walimu wenzangu, hiyo 80 mnajua inakotoka. Nimewahi kuiandika kabla ya kuingia darasani.

Lile jaribio lina sehemu ya pili ambayo naona watu huisahau. Watafiti hawakuwarusha wale watu ili kuwaona wakianguka. Walikuwa wanatafuta namna ya kumfundisha rubani wa kawaida jambo moja tu akijikuta winguni: kugeuza nyuzi 180 na kutoka alikoingilia. Wale wale walioshindwa walifundishwa, na baadaye waliweza kugeuza karibu kila walipojaribiwa.

Kurudi ni jambo linalofundishwa, kumbe. Mimi nilisomea ualimu, nikafundishwa kuanza somo, kuendeleza somo, kuhitimisha somo. Kuligeuza, hapana.

2/5

Kabla ya safari nilikuwa nimemaliza mada ya kujumlisha sehemu. Wiki mbili. Iko kwenye azimio la kazi, yaani ule mpango wa mada na tarehe zake, imewekewa alama ya vyema kwa wino wa buluu.

Jumatatu moja niliingia na vipande vya karatasi, kila mtoto kimoja, bila jina. Swali moja ubaoni: 1/2 + 1/3. Nikawaambia asiyejua aache wazi, hakuna adhabu wala sifa. Dakika tatu zikapita.

Nilizihesabu jioni juu ya dawati, nikizipanga mafungu kama mtu anayecheza karata.

Karatasi 28 ziliandikwa 2/5.

6 hazikuandikwa kitu. 7 zilikuwa na 5/6.

2/5 siyo ubishi wala uvivu. Ina mantiki yake safi kabisa: 1 na 1 ni 2, 2 na 3 ni 5. Ni watoto wanaojua kujumlisha na wasiojua kile wanachojumlisha. Na ukiitazama kidogo inatisha, kwa sababu 2/5 ni ndogo kuliko nusu uliyoanza nayo. Umeongeza kitu, kimepungua, na hakuna aliyeshtuka. Nami nilikuwa nimewafundisha kutafuta kigawe kidogo cha shirika kwa wiki mbili, na wakaitikia kila siku.

Niligeuza. Usiku ule, kwenye andalio, nilifuta mada ya desimali na nikaandika "narudi".

Kurudi kwenyewe kulikuwa nyuma kuliko nilivyotegemea. Nilidhani narudi kwenye kigawe cha shirika. Nikakuta shida haiko hapo, nikarudi kwenye sehemu zilizo sawa, haiko hapo, nikarudi tena. Tulifika mpaka kwenye mambo ya darasa la 3. Tulikata karatasi ndefu zilizo sawa, tukazikunja, hii vipande viwili, hii vitatu, hii vinne, tukapaka rangi kipande kimoja kimoja.

Kuna binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa mwaka mzima sauti yake naifahamu ndani ya "ndiyo" tu. Aliweka theluthi juu ya robo. Akazigeuza, akaweka robo juu ya theluthi. Akapima kingo kwa ukucha. Kisha akanyoosha mkono, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Mwalimu, mbona nne imekuwa ndogo?"

Miaka yote hii, kwake 1/4 ilikuwa kubwa kuliko 1/3, kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3. Na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kitu ambacho jibu lake lingelifichua hilo.

Nyuma mpaka wapi?

Ningependa kusema nimepata dawa. Sijapata.

Kuna wale 7 wenye 5/6. Kwao mimi ndiye rubani aliyegeuza wakati mbele kunaonekana. Niliwapa kazi ya kuwatungia wenzao maswali, wakaifanya siku mbili, siku ya tatu mmoja alikuwa anachora. Nilimwangalia, sikumgombeza. Alikuwa na haki ya kununa kama yule bwana mwenye kikao.

Halafu kuna azimio. Rubani alirudi kwa sababu alikuwa na mafuta ya kurudia. Ile nusu saa ya mambo asiyoyajua ilikuwa tankini kabla hajawasha injini, na hakuna anayemruhusu kuondoka bila hiyo. Azimio la kazi langu halina hata wiki moja ya mambo nisiyoyajua. Kila wiki ina mada, kila mada ina tarehe, na mtihani una siku yake ambayo haisogei. Nimetumia wiki tatu ambazo sikuwa nazo. Zitatoka wapi? Zitatoka kwenye desimali, na desimali nayo ina watoto wake watakaopotea.

Pia najiuliza kama mfano wenyewe ni halali. Ndege ikikosea kilima, habari zinafika siku hiyo hiyo. Mtoto akikosea, hakuna mlio. Anaendelea kukaa dawatini, daftari limejaa, anaitikia, anapanda darasa, na siku akianguka atakuwa mikononi mwa mwalimu mwingine ambaye atasema watoto wa siku hizi hawana msingi. Labda ndiyo maana hatugeuzi. Siyo kwamba walimu ni wajasiri kuliko marubani.

Jambo moja nimelichukua kwa yule kijana na sijaliacha: naamua nikiwa chini. Kwenye kila andalio, kabla ya kuingia darasani, naandika mstari mmoja. *Wakikosa zaidi ya nusu, nageuza.* Nikisubiri kuamua mbele ya watoto, na "ndiyo" zao masikioni, najijua, nitaendelea tu.

Mwalimu mkuu alipitia maandalio yetu mwisho wa mwezi, kama kawaida. Kwenye langu, pembeni mwa neno "narudi", aliweka alama ya kuuliza kwa wino mwekundu. Hakuniita. Ameiacha tu hapo, na kila nikifungua ukurasa inanitazama. Nimeandaa majibu matatu, moja lina Illinois ndani yake, na yote nikiyasema kwa sauti peke yangu yanasikika kama visingizio.

Nimeacha kuuliza "mmeelewa?". Hilo nililifikiri litakuwa rahisi, kumbe ulimi una mazoea kuliko miguu. Sasa nikimaliza kueleza nagawa vipande vya karatasi.

Alhamisi iliyopita nilimaliza kueleza, nikaweka chaki chini, nikanyamaza makusudi. Sikuuliza chochote. Nilikuwa nainama kuchukua karatasi mezani.

Darasa zima likaitikia:

"Ndiyoooo!"